Sukari Imepanda, Bado si Kisukari: Muda wa Kuchukua Hatua

Wapo wananchi wanaofika kwenye vituo vya kutolea huduma za afya kwa sababu ya shinikizo la damu, ujauzito au maradhi mengine, wakapimwa sukari na kuelezwa kuwa imepanda kupita kawaida, ingawa haijafikia kiwango cha ugonjwa wa kisukari. Baadhi hurudi nyumbani wakiwa na furaha kwamba hawaumwi na hawabadili lolote. Wengine hukata tamaa kana kwamba ugonjwa umekwisha kuingia. Ukweli ni kwamba hilo ni onyo, na limetolewa mapema ili mhusika achukue hatua.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu aliyepimwa asubuhi baada ya kukaa angalau saa 8 bila kula, akakutwa na sukari kati ya milimoli 6.1 na 6.9 kwa lita moja ya damu, yuko katika hali ya kuelekea kisukari. Kuanzia 7.0, kipimo kinaporudiwa na kuthibitishwa, huo ni kisukari. Hali hii ya kati kwa kawaida haina dalili yoyote, hivyo bila kipimo haijulikani.

Habari njema ni kwamba hali hiyo hurekebishika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,200 wenye hali hiyo, ulilinganisha mabadiliko ya mwenendo na vidonge vya metformini. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa waliotumia vidonge ilikuwa asilimia 31.

Kwa wakazi wa Bukoba na Muleba, swali la kwanza huwa ni ndizi. Hakuna anayelazimika kuacha ebitooke. Kinachotakiwa ni kubadili kipimo. Katika sufuria ileile, punguza ndizi na uongeze maharage, kisha pika mboga za majani kwa wingi. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, mnafu, kabichi au nyanya chungu; robo iwe maharage, dagaa au samaki; robo inayobaki iwe ndizi, ugali, wali, viazi au mihogo. Vyakula hivi vya mwisho ni vya kundi moja, hivyo chagua kimoja kwa kila mlo.

Vinywaji navyo vihesabiwe. Anayeweka vijiko vitatu vya sukari katika chai na kunywa vikombe vitatu kwa siku ametumia vijiko tisa, na chupa moja ya soda huweza kufikia kiasi hicho. Asali na juisi ya matunda pia huongeza sukari mwilini. Lubisi na pombe nyinginezo zipunguzwe.

Kuhusu mazoezi, kulima kibanja, kuchota maji na kutembea kwa kasi vyote vina faida. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha kufikia dakika 150. Anayepanda bodaboda kila siku aanze kwa kutembea sehemu ya safari. Mwenye uzito uliozidi aupunguze taratibu; asiye nao hana haja ya kujikondesha.

Mabadiliko haya hayawezekani iwapo mhusika atapikiwa peke yake wakati wengine wanaendelea kama zamani. Familia nzima ibadili mlo pamoja, huku watoto wakipewa chakula cha kutosha kukua. Aidha, tuzoee kwamba mgeni anayekataa kuongezewa chakula harusini au msibani hajamdharau mwenyeji.

Mwenye hali hii apimwe tena angalau mara moja kwa mwaka. Akipata kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito bila sababu au kuona ukungu machoni, asisubiri mwaka uishe. Wenye umri wa zaidi ya miaka 40, wenye uzito mkubwa au shinikizo la damu, wenye ndugu wa damu mwenye kisukari, na akina mama waliopata kisukari wakati wa ujauzito wanahimizwa kufika kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kuomba ushauri kuhusu kipimo hicho.