Gole la Kuku Lisikutie Hofu

Mama, je, umewahi kumwona kuku wako jioni ana uvimbe shingoni, ukadhani ni mgonjwa? Kabla hujashika kisu, ujue kwamba kwa kawaida hilo ni gole, yaani mfuko wa kuwekea chakula. Lipo chini ya shingo, upande wa kulia kidogo.

Kuku hana meno. Akidonoa mtama au majani, chakula hukaa kwanza katika gole kikalainika. Kisha hushuka kidogo kidogo tumboni na kufika kwenye firigisi, ambamo husagwa kwa vijiwe alivyomeza.

Basi mpapase mara mbili. Jioni anapopanda kulala, gole huwa limejaa. Asubuhi kabla hajala, liwe tupu. Likiwa bado limejaa na ni gumu, huenda limezibwa na majani marefu au kamba. Likiwa teketeke na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha. Mtenge, mpe maji safi, umwite bwana mifugo mapema. Usimning'inize kichwa chini ili atapike, kwani anaweza kupaliwa akafa.

Wawekee changarawe, na uokote kamba na mifuko ya plastiki uani. Kinga hiyo haina gharama, nawe utazidi kuokota mayai ya watoto.