Hiyo 36 Imetoka Wapi?

Mwalimu wa Gredi ya 3 anaandika ubaoni: mananasi 62, yameuzwa 38, yamebaki mangapi? Mtoto mmoja anajibu 36. Kwenye karatasi ya mtihani jibu hilo litapigwa alama nyekundu, sufuri, na mambo yaishe hapo. Lakini 36 haikuokotwa njiani. Mtoto ameona 2 haitoshi kutoa 8, akageuza: 8 toa 2, akapata 6. Kisha 6 toa 3, akapata 3. Kutoa anajua, asichojua ni kukopa kwenye makumi. Mwenzake aliyeandika 34 anajua kukopa, ila amesahau kupunguza kumi moja aliyoikopa. Aliyeandika 100 amejumlisha. Wote watatu wamekosa, na kila mmoja amekosa kwa njia yake, kwa hiyo kesho asubuhi kila mmoja anahitaji msaada wake. Upimaji wa darasani usioweza kuwatenganisha watoto hawa watatu, kwangu mimi, haujapima kitu.

Kwa karibu miaka arubaini Kenya ilipima kwa ajili ya kuchuja. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilianza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ikafanywa mara ya mwisho 2023, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani anakwenda shule gani. Mtaala wa Umilisi ulikuja kurekebisha hilo. KPSEA ya Gredi ya 6 ilipofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, mpango wa Baraza la Mitihani, KNEC, ulikuwa asilimia 60 ya matokeo itokane na tathmini za shuleni na 40 itokane na mtihani wenyewe. Badala ya nafasi ya kwanza na ya mwisho vikaja viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali na matarajio. Nia ni njema na naiunga mkono. Tatizo ni safari ya hizo alama. Mwalimu wa Thika au Ruiru anapokea kazi ya tathmini, anaisimamia, anaisahihisha, anaipakia kwenye tovuti ya KNEC. Alama imefika Nairobi. Mtoto amebaki kwenye dawati na 36 yake.

Kwamba alama peke yake haifundishi si dhana tu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler aligawa wanafunzi nchini Israeli katika makundi: wengine wakarudishiwa kazi zao zikiwa na alama, wengine zikiwa na maelezo ya mwalimu tu, wengine vyote viwili. Waliopata maelezo tu ndio waliosonga mbele. Waliopata vyote viwili hawakunufaika na maelezo yale, alama iliyafunika. Miaka kumi baadaye, Paul Black na Dylan Wiliam wa Uingereza walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba wanafunzi hunufaika mwalimu anapotumia anachokiona darasani kubadilisha ufundishaji wake, na wanyonge hunufaika zaidi. Hapa kwetu, utafiti uliofanywa Busia na Teso, ambako walimu walituzwa kwa matokeo ya mitihani, ulionyesha alama zikipanda katika mitihani iliyokuwa na tuzo, kisha faida ikafifia. Walimu waliongeza mazoezi ya mtihani. Ufundishaji wa kila siku haukubadilika sana.

Mwalimu wa Ruiru atanijibu, na ana haki: nitawasikiliza lini watoto 60, mmoja mmoja? Sensa ya 2019 iliupa mji huo watu 490,120, wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, na nyumba za kupangisha hazisubiri madarasa yajengwe. Lakini swali lile la mananasi halihitaji karatasi hata moja. Andika ubaoni majibu manne: 24, 34, 36, 100. Watoto wafumbe macho, na kila mmoja ainue vidole, kimoja hadi vinne, kulingana na jibu lake. Macho yaliyofumbwa yanamzuia asimwige jirani. Kwa nusu dakika mwalimu ameona darasa zima, na anajua kama arudie kukopa kwa wote au aite wanane mbele wakati wengine wakiendelea. Kazi ngumu ilifanyika jana usiku, ya kuchagua majibu yasiyo sahihi ili kila moja lifichue kosa lake.

Wapo wanaosema mwalimu akiachiwa kupima atapendelea. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu naona asilimia 60 ni mzigo mbaya: inamtaka mwalimu awe daktari na hakimu wa mtoto yuleyule. Mtoto akijua kila jibu linaandikwa, ataficha asichokijua, na kilichofichwa hakitibiki. Vipimo vya kila siku visitiwe alama kabisa. Alama za kuamua shule ziachiwe mtihani, na mtihani huo nao uulizwe unapima nini. Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, inalijua swali hili vizuri: swali la sayansi linalotegemea mchoro usioweza kupapaswa kwa vidole linapima macho ya mtoto, wala si sayansi yake.

Na mzazi anayeuliza, "Amekuwa namba ngapi?" Hana kosa, ndilo swali alilofundishwa. Mwalimu amwambie, "Mama, kutoa anajua, kukopa bado." Jioni mama atoe noti sita za shilingi mia na sarafu mbili za kumi, amwambie mtoto ampe shilingi sabini. Sarafu hazitoshi. Mtoto atalazimika kuvunja noti moja.