Siku tulipoiteremsha injini ya Volkswagen ya baba

MJOMBA alifika kwetu Buruburu Jumamosi asubuhi akiwa amevalia ovaroli. Marehemu baba alituachia Volkswagen ile yenye umbo la kobe, na kwa miezi mitatu ilikuwa imelala gerejini, klachi ikiteleza na oili ikidondoka mahali injini inapokutana na giaboksi. Mama alikuwa amechoka. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikwisha kumtajia bei, na angerudi Jumatatu.

"Ni sili ya oili iliyokufa," mjomba akasema. "Lakini kuifikia, lazima injini itoke."

Msomaji aliyezoea magari ya siku hizi atadhani tulihitaji kreni. La. Injini ya gari hili iko nyuma, hupozwa kwa hewa, haina rejeta, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Haipandishwi juu, huteremshwa chini. Si ajabu madereva wa Safari Rally waliyapenda magari haya, yakaibuka mshindi 1954, 1957 na 1962.

Tulianza na nyaya za betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma. Kisha mpira wa petroli, ambao mjomba aliuziba kwa kipande cha penseli. Ulikuwa umepasukapasuka. "Huu ungewachoma siku moja," akasema, maana petroli ikidondokea injini iliyo moto, hakuna wa kuuliza. Zikafuata nyaya za jenereta na koili, na kebo ya aksileta. Kila waya niliufunga karatasi yenye nambari.

Nikapiga jeki, nyuma ya gari ikainuka, nikaanza kujipenyeza chini.

"Toka hapo!"

Mjomba alinivuta mguu. Sijasimama vizuri, gari likasonga mbele, jeki ikalala, na magurudumu yakatua sakafuni kwa kishindo kilichomtoa mama jikoni mbio. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kumbe breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo niliyokuwa nimeyainua!

Tulianza upya. Mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha stendi mbili za chuma tulizoazima kwa jirani. Mjomba alilitikisa gari kwa nguvu zake zote kabla ya kuniruhusu kurudi chini.

Nati mbili za chini zilifunguka upesi. Za juu zilitutoa jasho: mmoja chini na spana, mwingine akipenyeza mkono nyuma ya feni bila kuona anachoshika. Kisha jeki yenye magurudumu ikawekwa chini ya injini, nasi tukaivuta nyuma polepole, sawasawa, uzito usije ukaning'inia kwenye shafti na kuharibu sahani ya klachi. Injini hiyo ina kilo 100 hivi, zaidi ya gunia la mahindi.

Sili yenyewe ilienea kiganjani, ngumu kama ganda.

Jumatatu mnunuzi alipobisha, injini ilikuwa bado sakafuni juu ya gunia. Akauliza kama sasa bei itashuka. Mama akamwambia gari haliuzwi, akafunga lango.