Hewa Tuivutayo na Makaa Yaliyomo Chumbani

Apimaye hewa kavu Wete, Chake Chake au Mkoani atakuta viwango vilevile vya duniani kote: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni inayokaribia asilimia moja, na kaboni dioksidi yapata asilimia 0.04. Mvuke wa maji huongezeka juu ya hayo, na kisiwani Pemba wakati wa masika si haba. Naitrojeni huingia mapafuni na kutoka kama ilivyoingia. Oksijeni huchukuliwa na himoglobini ya damu, ikapelekwa kwenye ubongo, moyo na misuli. Mimea, mikarafuu ikiwemo, huirudisha hewani mchana.

Hiyo ni hewa ya nje. Mvua ikinyesha, madirisha hufungwa. Jiko la mkaa huingizwa ndani, au chetezo cha udi huwekwa karibu na mzazi na mtoto wake mchanga. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hata yakiwa mekundu yasiyo na moshi. Gesi hii haionekani, hainuki wala haiwashi macho, na harufu nzuri ya udi haiipunguzi hata chembe. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu iliyozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mapafu yakawa mazima, na mwili ukakosa oksijeni. Kwa mjamzito, mtoto aliye tumboni huathirika pia.

Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na hulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria au uchovu wa uzazi. Yafaa kuuliza: je, wengine nyumbani wanaumwa hivyo hivyo, na hupata nafuu watokapo nje? Mhudumu asitulizwe na kipimo cha kidoleni, kwani kile cha kawaida hakitofautishi gesi hizi mbili, na huweza kuonesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini.

Mgonjwa atolewe nje mara moja, kisha apewe oksijeni nyingi kwa barakoa. Akivuta hewa ya kawaida, sumu hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5. Kwa oksijeni nyingi, yapata saa moja na nusu. Mashine ya oksijeni haiitengenezi gesi hiyo, bali huiondoa naitrojeni katika hewa ya chumba. Nayo hutegemea umeme, ambao tangu 2010 huifikia Pemba kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa hiyo silinda iliyojaa isikosekane kituoni.

Sisemi udi uachwe. Chetezo kifukizwe dirisha likiwa wazi, kitolewe kabla watu hawajalala, na jiko la mkaa libaki nje.