Reale Iliyokataa Kutumika

Majuzi nilifika Migwani, kaskazini ya mji wa Kitui. Mzee mmoja alipoisikia lafudhi yangu akatambua kuwa mimi ni mtu wa pwani. Akanivuta kando, akafungua fundo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na reale moja ya fedha, imetobolewa tundu ukingoni.

"Hii ni pesa ya kwenu," akasema. "Nataka kuiuza. Itapata kiasi gani?"

Nikaigeuza. Upande mmoja sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Mwaka huo usikudanganye, ndugu msomaji. Ndio aliofariki malkia huyo, lakini reale zake ziliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile hata katika karne ya 20, kwani wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikwisha kuziamini. Uzito wake ni gramu 28, na fedha safi ndani yake yapata gramu 23.

Mzee alisimulia alivyohadithiwa na babake. Babu wa ukoo wao alichukua pembe za ndovu hadi Mombasa, zama za misafara ya Wakamba, zama za Kivui Mwenda wa Kitui aliyempokea Krapf mwaka 1849. Malipo yalikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, kwa kuwa bara reale haikununua kitu. Lakini mnunuzi, baada ya kumaliza hesabu, alimtia reale moja kiganjani: heshima tu. Ikatobolewa, ikavaliwa shingoni. Haikutumika hata siku moja.

Nikakumbuka habari za Tibet. Huko, yapata mwaka 1953, zilipigwa chapa sarafu za fedha ziitwazo tangka, si kwa ajili ya soko bali kugawiwa watawa wa Kibudha katika ibada zao. Sokoni watu walikuwa wakitumia noti za karatasi. Dini yao si yetu, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Chuoni tulifundishwa kwamba amali ni kwa nia. Na ni nani pwani asiyejua kwamba reale ya mahari si sawa na reale ya dukani, ijapokuwa zimetoka kalibu moja?

"Kwa nini uiuze, mzee wangu?" nikamwuliza.

"Karo ya mjukuu."

Sikuthubutu kumwambia asiuze. Karo haingoji, na gramu 23 za fedha hazilipi karo ya mwaka. Nilimwomba jambo moja tu: kabla mwenye mizani hajaitia mkononi, amwite mjukuu amsimulie ilikotoka. Fedha ikiyeyushwa hurudi kuwa fedha. Heshima aliyopewa babu yao haina kalibu ya kuirudisha.

Akaifunga tena katika kitambaa, akasema mtoto hutoka shule saa kumi.