Kutoka Lalamiko hadi Tiba: Njia ya Mwenye ADHD Kumfikia Mtaalamu nchini Tanzania na Kenya

Makala hii inafafanua jinsi mtoto au mtu mzima mwenye hali ya upungufu wa umakini na kushindwa kutulia, ifahamikayo kimataifa kwa kifupi cha ADHD, anavyomfikia mtaalamu na kupata tiba nchini Tanzania na Kenya. Mijadala ya suala hili huanza, kwa kawaida, na uhaba wa wataalamu. Uhaba huo hauna ubishi: madaktari bingwa wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia tiba wamejikusanya katika miji michache, na wilaya nyingi hazina hata mmoja. Hata hivyo, makala hii inashikilia kwamba kipo kikwazo kinachoutangulia uhaba huo, nacho ni lalamiko. Ni nadra mtoto kupelekwa kwa mtaalamu kwa sababu tu ana dalili. Hupelekwa kwa sababu kuna mtu aliyechoshwa naye. Asiyemchosha mtu hubaki nje ya mkondo mzima wa tiba.

Lugha ya lalamiko

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kumtaja mtoto asiyetulia: mtundu, mtukutu, mwenye mapepe, mwenye kichwa kigumu. Kwa mtoto anayekaa kimya huku mawazo yake yakiwa mbali, maneno ni machache na karibu yote ni hukumu: mvivu, mzembe, mzito. Tofauti hii ya kimsamiati ina matokeo ya kitabibu. Mtoto mtukutu huvuruga somo, mwalimu humwita mzazi, na hatimaye suala linaweza kufika hospitalini, japo mara nyingi baada ya viboko. (Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu.) Mtoto anayeitwa mzembe hamsumbui mtu. Hufeli, hukariri darasa, huacha shule, pasipo yeyote kushuku kwamba ana hali inayotibika. Kwa kuwa wasichana wenye ADHD huonyesha zaidi upungufu wa umakini kuliko utukutu, wao ndio wanaopotea zaidi kwa njia hii.

Neno moja linastahili uchambuzi wa pekee. Mzazi anapomwambia tabibu kwamba mtoto “hasikii”, kauli hiyo hubeba maana tatu: kwamba masikio yake yana tatizo, kwamba hatii, au kwamba maneno humpita kwa kuwa akili yake iko kwingine. Ni ile ya tatu tu iliyo dalili ya ADHD. Ile ya kwanza inahitaji kipimo cha masikio; ile ya pili huenda isihitaji hospitali kabisa. Tabibu asiyeuliza “hasikii vipi?” ataandika dalili ambayo haikutajwa.

Utata wa namna hiyo umo pia katika madodoso. Vigezo vya uchunguzi vinataka dalili itokee kwa wingi kupita kawaida ya umri wa mtoto. Katika tafsiri, wingi huo mara nyingi huelezwa kwa “mara kwa mara”, kirai ambacho kwa msemaji mmoja humaanisha kila siku na kwa mwingine humaanisha mara mojamoja. “Mara nyingi” ni bora kidogo. Kilicho bora kuliko vyote viwili ni kuuliza idadi: katika siku tano za shule za wiki iliyopita, ni siku ngapi alisahau daftari? Aidha, kipengele kinachouliza iwapo mtoto huondoka kwenye kiti chake kinachukulia kwamba ana kiti. Pale ambapo wanafunzi wanne wanabanana katika dawati moja, kujipindapinda hakumwelezi mtoto peke yake.

Kinachohitajika kuthibitishwa

Mwongozo wa Marekani wa DSM-5, uliotolewa mwaka 2013, unataka dalili zisizopungua 6 za upungufu wa umakini, au 6 za utukutu na kukurupuka, kwa mtoto. Kuanzia umri wa miaka 17 dalili 5 hutosha. Dalili ziwe zimedumu kwa miezi 6, baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi. Sharti hili la mwisho ndilo linalokosekana zaidi katika faili. Mzazi hufika na barua ya mwalimu mkuu yenye mistari miwili, nayo ni lalamiko tu. Ushahidi wenye manufaa ni wa aina nyingine: madaftari yenye kazi zilizoanzwa bila kumalizwa, ripoti za mihula iliyopita, maelezo ya mwalimu kuhusu kipindi mahususi, na maelezo ya nyumbani kuhusu kazi kama kuchota maji au kutumwa dukani, ambazo huonyesha vizuri kama mtoto anaweza kushika maagizo mawili yanayofuatana.

Yapo pia mambo ya kuondoa kwanza: uoni hafifu, usikivu hafifu, kukosa usingizi, huzuni, ukatili wa nyumbani, na kifafa cha kupotewa na fahamu kwa sekunde chache, ambacho darasani hufanana kabisa na kuzubaa. Historia ya malaria kali iliyopanda kichwani lazima iulizwe, kwa kuwa tafiti zilizofanyika Uganda zimeihusisha na matatizo ya tabia na umakini yanayobaki baada ya mtoto kupona. Familia nyingi huwa zimekwisha kwenda kwa mganga, kwenye maombi au kunywa kombe. Tabibu anayeuliza habari hizo bila dharau hupata historia kamili zaidi kuliko anayezikemea.

Mtaalamu ni nani?

Nchini Tanzania, rufaa hupanda kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda au ya taifa. Kliniki za magonjwa ya akili katika hospitali kama Muhimbili, Mirembe iliyoko Dodoma, KCMC na Bugando ndiko uchunguzi kamili unakowezekana. Nchini Kenya, hospitali za Mathari na ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret zina nafasi kama hiyo. Jina la Mirembe, kama la Mathari, katika mazungumzo ya mtaani limekuwa tusi, na wazazi wengi hukataa rufaa kwa sababu ya jina tu.

Katika sekta binafsi tatizo ni jingine: cheo cha “mshauri nasaha” hubebwa na mwenye shahada ya uzamili na vilevile na aliyehudhuria semina ya wiki moja. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayounda bodi ya kuwasajili; mteja ana haki ya kuuliza namba ya usajili. Maswali mengine yanayofaa kuulizwa ni iwapo mtaalamu amewahi kuhudumia watu wenye ADHD, na iwapo anashirikiana na daktari anayeweza kuandika dawa. Anayejibu kwamba mazungumzo pekee yatamaliza dalili anastahili kutiliwa shaka.

Tiba yenyewe

Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama MTA, uliochapishwa mwaka 1999 na kuhusisha watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa inayosimamiwa kwa makini hupunguza dalili za msingi kuliko tiba ya tabia pekee. Faida hiyo haikuonekana tena katika ufuatiliaji wa miaka 3, jambo ambalo wanaoutaja utafiti huo aghalabu hulisahau. Dawa inayotumika zaidi ni methilifenideti. Dawa hiyo imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu vileta-njozi na dawa nyingine zinazoathiri akili, hivyo huuzwa kwa udhibiti mkali. Zaidi ya hayo, maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Nchi nyingi hujenga orodha zao za kitaifa kwa kuifuata orodha hiyo. Dawa isiyokuwamo haina uhakika wa kununuliwa na serikali wala kulipiwa na bima.

Matokeo yake ni kwamba mwanasaikolojia wa Afrika Mashariki hubebeshwa mzigo ambao kwingineko hugawanywa na dawa. Kazi yake yenye ushahidi imara zaidi kwa watoto wadogo ni kuwafunza wazazi: kutoa agizo moja kwa wakati, kusifu papo hapo, kupanga siku iwe ileile kila siku. Mafunzo haya hayahitaji mashine wala dawa, na mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani unayakabidhi hata kwa wahudumu wasio mabingwa. Yanachohitaji ni mlezi mmoja anayehudhuria kila kikao, na nauli ya kumfikisha. Mtoto anayelelewa na bibi kijijini huku mama akifanya kazi mjini huandikishwa na mama, ilhali anayepaswa kufunzwa ni bibi.

Kwa mtu mzima, ugumu huhamia kwenye sharti la umri wa miaka 12. Mtu wa miaka 35 anayefika kliniki Nairobi au Dar es Salaam kwa kuwa amepoteza kazi ya tatu kwa kuchelewesha kazi lazima athibitishe utoto wake. Ripoti za shule ya msingi mara nyingi zimepotea, na wazazi wako mbali au wamefariki. Wataalamu wenye uzoefu hukubali ushahidi mbadala: simu kwa kaka au shangazi aliyeishi naye, cheti cha shule aliyohamishwa, maelezo ya aliyesoma naye darasa moja. Shangazi akiulizwa “alikuwaje?” atajibu kwamba alikuwa mtoto mzuri. Akiulizwa ni mara ngapi alitumwa chumvi akarudi na sabuni, ataanza kusimulia.