Kupima Jua Kabla ya Kulinunua

Mji wa Kolwezi una fahari moja ambayo hata wenyeji wake hawaitaji mara nyingi. Waya mkubwa wa umeme utokao Inga, karibu na bahari ya magharibi, hukata nchi yetu ya Kongo kwa mwendo wa kilometa 1,700 hivi, ukavuka misitu na mito, ukaja kuishia hapa kwetu. Ulimalizika mwaka 1982. Kabla ya hapo mto Lualaba wenyewe ulikuwa umekwisha kuzuiliwa kwa maboma, pale Nzilo mwaka 1952 na pale Nseke mwaka 1956, ili nguvu za maji zisukume mashine za Union Minière, kampuni ambayo mali zake zilikuja kuwa za Gécamines. Kazi hizo zote zilifanywa kwa ajili ya shaba. Nyumba za watu zilipata kilichosalia, na hata leo zapata kilichosalia. Jioni katika mitaa ya Dilala delestaji ikiingia, mtoto mwenye mtihani husoma kwa tochi ya simu, na mama huhesabu saa ambazo samaki wake wataweza kustahimili katika friji iliyonyamaza.

Basi si ajabu kwamba jamaa nyingi zimelielekea jua. Paneli zauzwa sokoni na kandokando ya barabara, kubwa kwa ndogo, pamoja na batri, waya na inverta. Muuzaji huwa na hesabu yake tayari kichwani. “Unatumia wati-saa 1,200 kwa siku? Jua huwaka saa 12. Gawanya: paneli ya wati 100 yakutosha.” Hesabu ni nyepesi, mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, na mnunuzi huondoka na furaha. Mnunuzi huyo amekusanya fedha zake kwa mwaka mzima, pengine kwa kupunguza mahitaji ya shule. Paneli ikipandishwa juu ya bati, taa zawaka. Lakini huja siku za mawingu, na saa mbili usiku nyumba yote huwa giza. Batri, ambayo kwa kawaida hudumu miaka michache tu hata ikitunzwa vema, huanza kufa mapema. Watu husema jua la kununua ni udanganyifu. Jua halikudanganya mtu. Iliyodanganya ni ile hesabu ya kugawanya kwa 12.

Wataalamu walikwisha kulitazama jambo hili zamani. Katika miaka ya 1990, André Mermoud wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, alitengeneza programu ya kompyuta iitwayo PVsyst, ambayo leo hutumiwa na mainjinia wa nchi nyingi. Marekani, maabara ya serikali huko Colorado ilitoa programu iitwayo SAM, nayo ni ya bure. Kwa mtu wa kawaida iliyo nyepesi kuliko zote ni PVGIS, iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kilichoko Ispra, Italia. Hiyo nayo ni ya bure, hufunguliwa kwa intaneti, hata kwa simu, na huweza kusomwa kwa Kifaransa. Bara letu la Afrika limo ndani yake, kwa kuwa setilaiti za hali ya hewa ziitwazo Meteosat zimekuwa zikiyapiga picha mawingu yetu kwa miaka mingi.

Programu hizi hufanya nini? Hujenga mfano wa paneli na batri zako katika hesabu tupu, kisha huupitisha mfano huo katika jua la kweli la miaka iliyopita, saa baada ya saa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Katika kila saa programu huuliza: jua lilikuwa wapi mbinguni, mawingu yalikuwa kiasi gani, paneli ilipata joto gani, batri ilikuwa na akiba gani, na watu wa nyumba walitumia nini? Mwisho hukuonyesha ni siku ngapi batri ilijaa, na ni siku ngapi iliisha kabla ya asubuhi. Kwa hiyo kosa hufanyika katika mfano, ambao haugharimu kitu, wala si juu ya paa lako.

Tuchukue nyumba moja ya Dilala kwa mfano. Ina taa 6 za wati 8, zikiwaka saa 5: hizo ni wati-saa 240. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240 nyingine. Redio na simu za watu wote tuzipe 120. Friji ndogo tuipe 600. Jumla ni wati-saa 1,200, na msomaji ameona kwamba friji peke yake imekula nusu. (Nimesikia wengine wakitaka kuongeza pasi na jiko la umeme. Hao waendelee kwa sasa na makaa, kwani vitu vya kupasha moto humaliza batri upesi sana.)

Sehemu zetu hupata jua zuri. Kwa wastani wa mwaka, kila meta mraba hupokea kati ya kilowati-saa 5 na 6 kwa siku. Tuseme 5.5; maana yake ni kama kwamba jua liliwaka kwa nguvu zake zote saa 5 na nusu tu, wala si saa 12, kwa sababu asubuhi na jioni huwa dhaifu. Tena si nguvu yote ya paneli ifikayo kwenye taa. Joto, vumbi, waya, batri na inverta, kila kimoja huchukua ushuru wake, na katika mfumo wenye batri ni busara kuhesabu kwamba sehemu 6 tu katika 10 zitafika. Hivyo 1,200 tukiigawanya kwa 5.5, kisha kwa 0.6, twapata wati 364. Paneli ya muuzaji wetu ya wati 100 imekwisha kuumbuka.

Lakini hata hiyo 364 ni mtego, na hapo ndipo programu inapostahili shukrani. Wastani ni hesabu ya mwaka, na watu hawali chakula cha wastani. Kuanzia Mei hadi Agosti anga letu ni jeupe na jua halikosi. Desemba, Januari na Februari mvua hutawala, na mawingu hukaa siku kwa siku. Tuseme mwezi ulio mbaya kuliko yote wakupa saa 4 na nusu tu. Paneli za wati 364 zitatoa wati-saa 983, na nyumba yataka 1,200. Kila siku pana upungufu wa wati-saa 217, nao hutolewa katika batri mpaka iwe tupu. Batri ya risasi na asidi, kama zile za magari, ikikaa hivyo siku nyingi bila kujazwa, hujengeka ndani yake kitu kigumu kama chokaa ambacho hakitoki tena. Kwa hiyo nyumba hii yapasa kupimwa kwa Januari: 1,200 kwa 4.5, kisha kwa 0.6, yaani wati 444, tununue 450. Akiba ya siku mbili bila jua ni wati-saa 2,400. Kwa batri ya risasi, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, hizo ni batri 2 za volti 12 zenye ampea-saa 200 kila moja. Kwa batri ya lithiamu, ambayo yaweza kutumiwa hadi sehemu 8 katika 10, zatosha wati-saa 3,000.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya mainjinia. Na atazame basi wenye fedha wafanyavyo. Mwaka 2025 kampuni ya CrossBoundary Energy ilitangaza mkataba na mgodi wa Kamoa-Kakula, ulio magharibi ya Kolwezi, wa kuupatia megawati 30 za umeme wa jua usiku na mchana. Ili kupata megawati 30 zisizokoma, mpango ule una paneli za megawati 222 na batri za megawati-saa 526. Mara 7 na zaidi! Turudi kwenye nyumba yetu: wati-saa 1,200 zikigawanywa kwa saa 24 ni wati 50 tu, nasi tumenunua paneli za wati 450, yaani mara 9. Uwiano si ule ule, lakini ni wa ukoo mmoja.

Yapo makosa mengine ambayo kompyuta haiwezi kuyaona yenyewe. PVGIS ilizaliwa Ulaya, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini. Ukiifungua, utakuta imekwisha kujaza yenyewe namba 0 mahali pa kuuliza paneli yaelekea wapi, na 0 kwake ni kusini. Kwetu, nyuzi 10 na zaidi kusini ya Ikweta, paneli yapasa kuelekea kaskazini, na kwa lugha ya programu hiyo kaskazini ni 180. Pia hujaza mwinamo wa nyuzi 35, ambao ni mkali mno kwa Dilala. Nyuzi 15 hivi zatufaa, na mvua huweza kuiosha. Mtu akiiacha fomu kama alivyoikuta, mwezi wa Juni saa sita mchana paneli yake ya kwenye hesabu haitapata hata nusu ya miale inyokayo kutoka juani, naye atadhani kwamba nchi yetu haina jua. Programu nyingine huzihesabu pande kwa namna nyingine, kwa hiyo maelezo yasomwe kwanza.

Tena setilaiti haiuoni mwembe wa jirani. Seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano kama watu waliobeba gogo moja, na tawi likiweka kivuli juu ya chache, nguvu ya nyingine nazo hupungua. Wala haiyajui malori ya madini yapitayo na kuacha wingu jekundu nyuma yake, au moshi wa moto wa porini mwishoni mwa kiangazi. Hayo ni juu ya mwenye nyumba kuyasema: atazame kivuli asubuhi, mchana na saa kumi jioni, aongeze hasara ya vumbi, na awe na ndoo ya maji na kitambaa laini.

Katika kituo cha afya uzito wa hesabu ni mwingine kabisa. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Yako majokofu yaendeshwayo na jua moja kwa moja bila batri, yenye kuhifadhi baridi katika barafu, na kanuni ya Shirika la Afya Ulimwenguni hudai yaweze kukaa siku 3 angalau bila jua. Anayekata hesabu hapo ili apunguze bei ya paneli, atakayelipa ni mtoto aliyechomwa sindano isiyo na nguvu.

Kwa nyumba ya kawaida, kazi yote ni ya jioni mbili. Baba na mama waandike katika daftari kila kitu kitumiacho umeme na saa zake kwa wiki moja, bila kuficha ile televisheni iachwayo ikijisemea peke yake. Kisha fundi, au mwanafunzi mkubwa wa nyumbani, aziweke namba hizo katika programu pamoja na mahali pa Dilala kwenye ramani, na amwombe Januari atoe jibu lake. Ikionekana kwamba batri yaisha siku 5 katika 100, jamaa yaweza kuamua kuvumilia na kulizima friji siku hizo. Ikiwa ni siku 40, paneli iongezwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Karatasi ya matokeo iwekwe mezani siku ya kupatana bei. Fundi akikataa kuitazama, yuko mwingine mtaa wa pili.